Haumi, Alisema Bakiri

Ukiniita nyumbani kwangu, tunakuja wawili. Mimi naitwa Zabibu, jina nililopewa Tanga na bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaishi Randburg, Johannesburg, ghorofa ya pili, na mnyama anayepewa zabibu kavu kila anapoonyesha adabu. Mume wangu Bakiri ndiye aliyemfundisha. Anasema "zabibu", mnyama anakimbia kupokea. Kwa hiyo jirani akisimama mlangoni akaniita, mimi naweka kitambaa na sindano chini niende kufungua, na huyu naye anachomoka chini ya kochi, pua mbele, na tumeshagongana zaidi ya mara moja. Watu hucheka. Hata mimi nilicheka, miaka minne mizima.

Mnyama mwenyewe Wazungu wa hapa wanamwita fereti. Ni mwembamba na mrefu kama soksi iliyotiwa mchele, na akishtuka mkia wake husimama manyoya yote, ndiyo maana Bakiri alimpa jina la Mswaki. Ana ukoo na kicheche, lakini neno hilo nimelipiga marufuku ndani mwangu, kwa sababu mtu wa kwetu akisikia "kwa Bakiri kuna kicheche" hafikirii mnyama, anafikiria mwanamke mhuni. Fahad, rafiki yake Bakiri, alilitamka kwa utani baada ya sala ya Ijumaa, likatembea. Wiki nzima wanawake walikuwa wananipa pole kwenye simu na mimi nauliza pole ya nini.

Bakiri ni mwangalizi wa jengo letu. Bomba likipasuka anaitwa yeye, mpangaji akijifungia nje anaitwa yeye. Ana kishada cha funguo arobaini na kitu kiunoni, na kila ufunguo anaujua kwa kidole bila kuutazama. Funguo hizo hampi mtu. Hata mimi, mkewe wa miaka thelathini, nikitaka kuingia stoo kuchukua ndoo lazima nimtafute yeye kwanza. Ni mtu anayeamini kile tu ambacho mikono yake imeshakishika, na akishakiamini, basi. Waya uliochomoza ukutani, mbwa wa mpangaji wa namba kumi na nne, meneja mwenye kelele: vyote anavielezea kwa neno lile lile. Haumi. Hauumi. Msiogope.

Mswaki alikuwa wa kijana wa namba tisa, aliyehamia ng'ambo akamwacha na tundu lake mlangoni kwetu. Wiki ya kwanza alimng'ata Bakiri kidole gumba hadi nikaona weupe ndani. Mimi nilisema atolewe siku ile ile. Bakiri alikaa naye. Kila alasiri alinawa mikono kwanza isibaki na harufu ya chakula, akamtoa tunduni akiwa amemviringisha taulo. Akiumwa hakuvuta mkono, kwa sababu alisema ukivuta unamfundisha kukaza meno. Alimshika ngozi ya shingoni kwa upole, akamwambia "taratibu", akamrudisha ndani atulie, kisha akaanza upya. Hakumgusa akiwa amelala, wala hakumjia kwa nyuma. Baada ya miezi mitano yule mnyama alikuwa analala ndani ya mkono wa koti la Bakiri. Daktari wa mifugo alipotuambia zabibu kavu zina sukari nyingi mno kwake, Bakiri akawa anampa nusu ya moja. Lakini neno hakulibadilisha.

Na tangu hapo hajamng'ata mtu. Hilo nalishuhudia mimi, ambaye sikumpenda.

Sasa binti yetu. Yasmin ana miaka ishirini na sita, anafanya kazi ofisini chuoni Braamfontein, na ameolewa na Suhaib, kijana wa Unguja mwenye adabu hadi inachosha. Mwishoni mwa mwaka jana alipata mimba ya kwanza. Kwetu mwanamke akijifungua mara ya kwanza anarudi kwa mama yake, anakaa siku arobaini, anakandwa maji ya moto, anafungwa mkanda wa tumbo, anapikiwa uji wa pilipili manga. Mimi nilijifungua Yasmin hapa hapa Johannesburg bila mama wala shangazi. Tumbo nilijifunga mwenyewe kwa shuka, na uji nilijipikia siku ya tatu nikiwa nimeegemea jiko huku nalia. Basi tangu Yasmin aliponiambia ana mimba nilikuwa nazihesabu zile siku arobaini. Nilizitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote katika nchi hii.

Mwezi wa Julai akapiga simu. Yasmin Kiswahili anakisikia chote, ila hutujibu kwa Kiingereza. Kiswahili chenyewe anakitoa akiwa amekasirika au anaogopa. Siku hiyo alikitoa.

"Mama, nitakuja kwako. Lakini yule mnyama, anauma?"

"Baba yako anasema haumi."

"Najua atasema hivyo. Sitaki jibu la simu. Nikija na mtoto nitamuuliza mlangoni, uso kwa uso. Nikiona ananibabaisha, nageuka naenda kwa wifi yangu Newtown. Na arobaini yangu nitakaa huko."

Mtu mwingine angeshangaa. Mimi sikushangaa, kwa sababu neno hilo lina historia nyumbani kwetu.

Yasmin alikuwa na miaka sita. Tulikaa Yeoville, chumba kimoja, Bakiri akiwa mlinzi wa duka, na uani kulikuwa na mbwa wa mwenye nyumba ambaye Bakiri alimlisha kila siku. Mtoto alikuwa anamwogopa. Bakiri akamshika mkono, akampeleka mpaka pale. "Mguse," akamwambia. "Haumi." Mbwa akamnasa mguu, chini ya goti. Tukakimbia zahanati, akashonwa bila kungoja, mtoto anapiga kelele hadi foleni nzima inatazama, na baba yake amemkumbatia kifuani akirudia jambo moja: "Haiumi mwanangu, sindano haiumi, haiumi." Siku moja, neno moja, uongo mara mbili. Halafu njiani kurudi akamwambia, "Ulimshtua wewe. Uliinua mkono haraka." Nilimwona mtoto akifunga mdomo. Hakumnunia baba yake, hapana. Alimsalimia, alimtii, alimletea vyeti vyake vya shule. Ila tangu siku ile, Bakiri akisema mvua hainyeshi, Yasmin huenda dirishani kuangalia.

Nilimwambia Bakiri suala lote lilivyo, nikamwambia na dawa yake.

"Mpe Marcellin akae naye siku arobaini. Mtu mwenyewe haogopi kitu." Marcellin ni mume wa Marthe, jirani yetu Mkongo anayesuka nywele hapo ghorofa ya chini.

"Nikimtoa nitakuwa nimekubali kwamba anauma."

"Kwani ukikubali utapungua nini?"

"Mama Yasmin, huyu mnyama nimemlea kwa mikono hii. Mtoto hakusema nimtoe. Amesema atauliza. Akiuliza nitamjibu."

Hapo ndipo raha ilipotuondoka. Bakiri akaanza kumjaribu Mswaki kwa siri, na kwenye vyumba viwili siri inakaa wapi? Alinunua mwanasesere kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, akampaka maziwa ya unga, akamlaza kwenye zulia. Mswaki alimnusa, akapiga chafya, akaenda zake. Alitafuta kwenye simu sauti ya mtoto mchanga anayelia, akaifungulia hadi mpangaji wa juu akagonga sakafu. Mswaki alizunguka chumba mara mbili akitafuta sauti inatoka wapi, kisha akalala ndani ya kiatu changu. Alimvuta mkia kidogo, kama mtoto angevuta. Alimwangushia sufuria nyuma yake. Kila mara ananigeukia. "Umeona? Haumi."

Kama alikuwa na uhakika, mbona hakuacha? Dakika tano hazipiti anasimama, funguo zinalia kiunoni, anakwenda kuangalia tundu, anarudi, anakaa, anasimama tena. Na mimi sikuwa na nafuu. Nilifua mapazia yaliyo safi. Nilihamisha kitanda cha Yasmin kutoka ukuta huu kwenda ule, kisha nikakirudisha. Upepo wa Agosti ulikuwa unaleta vumbi jekundu kila mahali, nikifuta dirisha asubuhi, saa sita naandika jina langu juu yake kwa kidole. Kuna siku nilimfokea Marthe kwa sababu ya chumvi. Chumvi alikuja kuomba, maskini, na pakiti nzima ninayo.

"Maman, uko na nini?" akaniuliza. "Mutoto atakuja tu. Ao unaogopa ile nyama?"

Nyama kwao ndiyo mnyama, nilishazoea. "Namwogopa mume wangu," nikamjibu.

Mtoto akazaliwa Jumatatu, wa kiume, mzima, wakamwita Abdulrahman. Alhamisi Suhaib akapiga simu: wameruhusiwa, wanakuja, saa nne watakuwa kwetu. Maji ya kukandia nikayabandika jikoni mapema mno. Bakiri alikuwa ameandaa tende ya kumwonjesha mjukuu wake, tende moja tu, kwenye kisahani chenye kifuniko. Saa tatu na nusu nikamkuta amepiga magoti sebuleni, mlango wa tundu wazi. Alikuwa ametafuna ile tende, akapaka kidogo kwenye ncha ya kidole chake kidogo.

"Unafanya nini?"

"Mtoto atakuwa na utamu mdomoni na mikononi. Hili sijamjaribu bado. Hili ni la mwisho."

Mswaki akatoka. Akanusa. Akatoa ulimi, akaanza kulamba kile kidole polepole, macho amefumba. Bakiri alinitazama na uso wake ukawa wa kijana niliyemjua Ngamiani, kule Tanga. Nami nikashusha pumzi. Wallahi niliamini. Nilijiona nimebeba mtoto sebuleni, Yasmin amelala, uji uko jikoni, siku arobaini zote zangu.

"Maman Zabibu!" Marthe huyo, mlangoni, kwa sauti ile ya kuita watu kutoka ngazini. "Maman Zabibu! Mutoto amefika?"

Mswaki akafumbua macho. Alisikia neno lake, mdomoni ana utamu, na zabibu haipo. Akakichukua kidole.

Bakiri akavuta mkono. Miaka minne hakuwahi kuuvuta, na siku hiyo akauvuta, na mnyama akaning'inia nao. Alipomshika shingo na kumbandua, damu ilikuwa imeshatona kwenye vigae kuanzia kochi hadi mlangoni. Nilimwambia Marthe kupitia mlango uliofungwa kwamba bado, nitamwita. Bakiri alimchukua Mswaki na tundu lake akamfungia stoo, akarudi amekibana kidole kwenye ngumi.

"Ni jina lako," akasema. "Jina lako limemchanganya. Haikuwa kung'ata, alikuwa anachukua zabibu."

"Na kidole kinajua tofauti?"

"Bila Marthe asingefanya."

Nikapandwa na hasira hadi nikasikia masikio yanawaka. "Bakiri! Siku arobaini wageni watakuja hapa kutwa mara tano, na wakifika mlangoni watamwita nani? Watamwita baba yako? Wataita Zabibu! Na mtoto amepakatwa!"

Alikwenda bafuni, maji yakatiririka muda mrefu, akatoka amefunga kitambaa na amevaa koti la kazini, mkono mfukoni.

"Usimwambie," akasema. "Nitamfungia stoo siku zote arobaini. Hawataonana. Yasmin hana haja ya kujua."

Naona aibu kusema nilichofanya. Nilichukua dekio. Nilifuta ile damu, tone kwa tone, nikalisuuza dekio, nikalianika. Nilichofikiri ni kwamba nikisema, binti yangu atageuka pale pale mlangoni, na mtu mwingine ndiye atamfunga mkanda. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Wakafika saa nne kasoro. Nilisikia viatu vya Suhaib ngazini, anakuja mbele na mabegi mawili. "Shikamoo Mama, shikamoo Baba," akasema, akasogea pembeni, mabegi bado mikononi. Hakuyaweka chini. Alikuwa ameambiwa.

Yasmin alipanda nyuma yake polepole, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, mtoto kwenye mkono mwingine ndani ya shali nyeupe niliyoishona mimi. Uso umemvimba, midomo imekauka. Nilitaka kumkimbilia. Alisimama nje ya kizingiti, akamtazama baba yake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Karibu nyumbani. Pole."

"Yule mnyama," akasema, kwa Kiswahili. "Anauma?"

Bakiri alifungua mdomo. Nililiona lile neno likija, nimeishi nalo miaka thelathini, nalijua hata kabla halijatoka. "Ha," akasema, akakwama. Mimi nilikuwa natazama vigae kama pamebaki tone.

Akatoa mkono mfukoni. Kitambaa kilikuwa kimelowa tena, chekundu hadi kifundoni.

"Anauma," akasema. "Miaka minne hajauma, leo asubuhi ameuma. Nimemlea vizuri, Yasmin, na bado anauma. Akisikia jina la mama yako anadhani kuna tamu. Sikujua, au nilijua nikacheka."

Yasmin alikitazama kile kidole. Kisha akanigeukia. "Mama, ulijua?"

"Nimefuta damu sasa hivi," nikasema. "Nilitaka uingie."

Suhaib akahamisha begi moja kutoka mkono huu kwenda ule. Mtoto akakunja uso, akanyoosha, akalala tena. Nikasema moyoni, basi, Newtown hiyo. Na sikuwa na la kumlaumu mtu.

"Yuko wapi?" akauliza Yasmin.

"Stoo. Nimefunga."

"Nipe ufunguo."

Bakiri alichomoa kile kishada cha funguo kiunoni. Ufunguo wa stoo aliupata mara moja, ila kuutoa kwenye pete kwa kidole kile hakuweza. Nilisogea kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Akaing'ata pete kwa meno, akaipanua, akautoa. Sikuwahi kumwona akitoa ufunguo kwenye ile pete. Akaupangusa kwenye koti, akampa. Yasmin akaufumbata, akaendelea kusimama pale pale.

"Na ile sindano," akasema Bakiri. Sauti yake ilikuwa ndogo, nilimsikia kwa shida. "Nilikwambia haiumi. Nilijua inauma. Wala hukumshtua yule mbwa."

Yasmin aliinamisha kichwa, akamfunika mtoto sikio kwa ncha ya shali ingawa hapakuwa na upepo.

"Zilikuwa nyuzi tatu, Baba," akasema.

"Nne," akasema Bakiri. "Nilizihesabu. Kila moja uliniuma begani."

Yasmin akamtazama lile bega, kama alama bado ingeonekana juu ya koti. Kisha akaingia, mguu wa kulia kwanza kama nilivyomfundisha, na Suhaib akaweka mabegi chini.